Magurudumu madogo ya nyuma hayabebi dereva, yanabeba moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nisahihishe jambo moja kwenye makala yenu ya injini za mvuke, ile iliyochukua kurasa mbili nzima. Nimeisoma kwa raha na picha zake ni safi. Ila mwandishi wenu alipofika kwenye yale magurudumu madogo yanayokaa nyuma ya magurudumu makubwa, aliandika kwamba kazi yake ni kubeba chumba cha dereva, akapita zake. Mchoraji naye akaongeza la kwake. Ameyafunga magurudumu hayo kwenye mkono wa chuma unaounganisha magurudumu ya kuvuta, kana kwamba nayo yanazungushwa na pistoni.

Mimi ni fundi mstaafu wa karakana ya reli. Ujana wangu uliishia kwenye shimo la ukaguzi, nimesimama chini ya injini na majivu yakiniingia shingoni. Kwa hiyo magurudumu hayo nayajua kwa upande wa chini, ambako wapiga picha huwa hawafiki.

Chumba cha dereva ni mabati, vyuma vichache na viti viwili. Hakihitaji kuwekewa ekseli yake. Kilichokaa juu ya magurudumu hayo ni tanuri la moto, na tanuri la injini kubwa ni mzigo hasa: kuta mbili za chuma zenye maji katikati, mamia ya boliti zinazozishikanisha, matofali ya kuhimili moto, makaa yanayowaka, na chini yake beseni la majivu. Anayetaka kuelewa kigari cha nyuma, yaani fremu ndogo inayoshika magurudumu hayo, aanze na moto, magurudumu yatafuata.

Silinda hutumia tu mvuke ulioletwa na boila. Boila nayo haiwezi kutoa mvuke kuliko moto unavyoruhusu, na moto hutegemea ukubwa wa chanja, yaani zile nondo ambazo makaa hulala juu yake na hewa hupita katikati yake. Chanja ikiwa ndogo unaweza kuilazimisha. Mvuke uliokwisha kutumika hutoka kwa kishindo kwenye dohani na kuvuta hewa motoni. Kadiri dereva anavyoikaza injini ndivyo moto unavyovutwa. Lakini kulazimisha kuna mwisho wake. Hewa ikipita kwa nguvu mno, makaa madogo hunyanyuka kabla hayajaungua, yakapita ndani ya mabomba ya boila na kutoka juu yakiwa cheche. Fayamani anatupia makaa huku, dohani inayatapika kule, na sindano ya kipimo cha mvuke inashuka vilevile.

Sasa chukua tanuri hilo uliingize katikati ya magurudumu ya kuvuta. Kwenye reli ya milimita 1,435, ukishaondoa magurudumu yenyewe, fremu na zile kuta zenye maji, unabakiwa na chanja ya upana wa takriban mita moja. Urefu nao una kikomo chake, kwa sababu aliyeshika koleo ni binadamu, na kutupa makaa sawasawa kupita mita tatu ni kazi ya watu wachache. Mita moja kwa mita tatu, hesabu yake si ngumu. Injini za King za reli ya Great Western ya Uingereza, zilizoanza mwaka 1927 bila gurudumu lolote nyuma, zilikuwa na chanja ya mita za mraba 3.2 hivi. Zilivuta vizuri sana, na siri mojawapo ilikuwa makaa bora ya Wales. Mwenye makaa mabovu hana njia hiyo.

Palikuwa na waliojaribu kupandisha tanuri pana juu ya magurudumu. John Wootten wa reli ya Philadelphia and Reading alifanya hivyo mwaka 1877 ili achome mabaki ya anthrasaiti, makaa magumu, yaliyokuwa yakitupwa migodini. Inawezekana. Tatizo ni kwamba gurudumu la kuvuta likiwa kubwa, ama boila inapaa juu kupita kiasi, ama tanuri linakuwa la kina kifupi, moto unakosa nafasi ya kupanda. Suluhisho likawa kulisogeza tanuri nyuma kabisa, likapita magurudumu makubwa, mahali ambapo linaweza kupanuka kushoto na kulia na kushuka chini bila kuzuiwa na chochote. Likishakaa huko linaning'inia, na linalohitaji kubebwa sasa ni hilo. Ndipo kikaja kigari cha nyuma.

Angalia nani waliokiagiza. Mwaka 1897 kiwanda cha Baldwin cha Marekani kiliitengenezea reli ya Nippon ya Japani injini za 2-8-2 (namba huhesabu magurudumu: ya mbele, ya kuvuta, kisha ya nyuma), kwa sababu makaa ya huko yalikuwa hafifu na yalidai chanja pana. Mwaka 1901 Baldwin haohao waliipelekea New Zealand injini 13 za 4-6-2. Bwana Beattie, mhandisi mkuu wa mitambo wa reli ya huko, alitaka kuchoma lignaiti, makaa laini na hafifu, ya Kisiwa cha Kusini. Mwaka 1926 reli ya Northern Pacific ya Marekani ikapata injini za 4-8-4 zenye chanja ya mita za mraba 10.7, na sababu ilikuwa makaa ya Rosebud, mengi na rahisi kuchimba, lakini dhaifu. Kwa hiyo majina ya fahari, Mikado (2-8-2), Pacific (4-6-2) na Northern (4-8-4), ambayo makala yenu imeyapanga kama majina ya wafalme, yalizaliwa na makaa ambayo wengine wasingeyagusa.

Reli hiyohiyo ya Northern Pacific ndiyo iliyofika mbali kuliko wote. Mwaka 1928 ilipokea kutoka kiwanda cha ALCO injini ya 2-8-8-4 yenye chanja ya futi za mraba 182, karibu mita za mraba 17. Watu wa kiwanda walitandika meza ndani ya tanuri wakawaandalia chakula wageni 12. Hakuna koleo linaloweza kulisha moto wa ukubwa huo. Makaa yalisukumwa na skrubu iliyokuwa ikizungushwa na injini ndogo ya mvuke. Uzito wa chumba hicho cha karamu ndio uliokaa juu ya kigari ambacho mwandishi wenu amekitaja kwa nusu sentensi.

Nakiri ipo sababu nyingine, na sitaki kuificha. Reli ya Santa Fe ya Marekani ilikuwa na injini za 2-10-0 zilizosukuma treni kupanda mlima wa Raton Pass, kisha zikarudi chini kinyumenyume. Kurudi huko ndiko kulikokuwa na taabu kwenye kona, kwa maana gurudumu kubwa ndilo lililotangulia kuikabili reli. Mwaka 1903 zikaja za 2-10-2, na lile gurudumu dogo la nyuma kazi yake ilikuwa kuiongoza injini inaporudi. Lakini hata hapo, chumba cha dereva hakimo.

Sasa niwaeleze chenyewe kinavyofanya kazi, maana hapa ndipo mchoro wenu uliponikera zaidi.

Kigari cha ekseli moja huwa na fremu ya pembe tatu. Ncha yake iko mbele, imefungwa kwa pini kwenye fremu kuu, nyuma kidogo ya gurudumu la mwisho la kuvuta. Injini inapoingia kwenye kona, kigari huzunguka kwenye pini hiyo na magurudumu yake hufuata reli huku tanuri juu yake likielekea upande mwingine. Ukikiunganisha na ule mkono wa chuma, kona ya kwanza tu ama mkono unapinda ama injini inaruka nje ya reli. Magurudumu ya kuvuta yako kwenye mstari mmoja na hubaki kwenye mstari huo. Haya hayawezi.

Kuzunguka peke yake hakutoshi, sharti kigari kirudi katikati kona inapoisha. Na hapa wahandisi walifanya ujanja ninaoupenda mpaka leo: walitumia uzito wa injini yenyewe. Kati ya fremu na kigari huwekwa bapa za chuma zilizoinama, au vibembea vyenye kitako cha mviringo. Kigari kikienda pembeni, sehemu ya nyuma ya injini hunyanyuka kidogo, na tani zilizonyanyuliwa hukirudisha zenyewe mahali pake, bila springi ya kukisukuma. Reli ya Great Northern ya Uingereza ilikuwa na njia yake, iliyobuniwa na Cartazzi. Hakuna kigari kabisa. Ekseli imekaa ndani ya fremu kuu, na juu ya masanduku ya beringi kuna bapa hizo za mteremko. Mhandisi Nigel Gresley aliitumia kwenye injini ya Flying Scotsman, akaitumia pia kwenye Mallard, iliyofikia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938.

Bapa hizo zinasomeka. Injini ikinyanyuliwa na kigari kikivutwa nje, kitu cha kwanza tulichofanya ni kuzifuta kwa matambara yenye mafuta ya taa na kuzipapasa. Mng'ao ukiwa sawa pande zote mbili, ekseli inafanya kazi. Mng'ao ukiwa upande mmoja na upande wa pili una kutu na grisi kavu, basi kigari kimezoea kuegemea huko, na ukienda kwenye gurudumu la upande huo utakuta ukingo wake umelika. Fundi mkuu wangu alikuwa haangalii kitabu cha injini kabla hajapitisha kidole hapo.

Adui mwingine ni joto. Ekseli inapita chini ya moto, na beseni la majivu hulazimika kugawanyika au kukunjwa ili kuipisha. Kaa likidondoka na kutua juu ya sanduku la beringi, mafuta hukauka, pedi ya sufu inayoyanyonya hugeuka mkaa, na beringi huungua kabla dereva hajasikia harufu. Mhandisi Churchward wa Great Western aliunda Pacific moja tu, The Great Bear, mwaka 1908, ya kwanza Uingereza. Beringi za ekseli yake ya nyuma zilikuwa upande wa ndani, jirani na moto, na zilisumbua. Mwaka 1924 injini hiyo ilipunguzwa ikawa 4-6-0. Wengi waliofuata waliweka beringi nje ya magurudumu, ambako upepo unazifikia na fundi pia. Nasi tulioshika kopo la mafuta twawashukuru.

Kuna na suala la mizani. Springi za kigari huunganishwa na springi za magurudumu ya kuvuta kwa nyenzo ndefu, ili reli ikibonyea mahali pamoja uzito ugawanyike. Ukisogeza egemeo la nyenzo hiyo kidogo tu, unahamisha tani kutoka kwenye kigari kwenda kwenye magurudumu makubwa. Niliwahi kuwa na msimamizi mmoja, aliyechoshwa na malalamiko ya kuteleza kwa injini, akaamuru tusogeze. Kuteleza kukapungua kweli. Kisha injini ikaanza kuacha reli kwenye maungio ya yadi kila iliporudi kinyumenyume, kwa sababu kigari kilikuwa chepesi mno kushika njia. Tukarudisha egemeo usiku, na hakuna aliyeandika popote.

Makala yenu haikugusa kabisa mwaka 1925, nami nashangaa. Mwaka huo mhandisi William Woodard wa kiwanda cha injini cha Lima, Marekani, alitoa A-1, injini ya 2-8-4. Kabla yake, injini ya 2-8-2 aliyoiunda kwa ajili ya New York Central, aina ya H-10, ilikuwa na chanja ya futi za mraba 66.4. Ekseli moja ya nyuma isingebeba zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa. Woodard akaweka ekseli mbili, na chanja ikafika futi za mraba 100, yaani mita za mraba 9.3. Ilijaribiwa kwenye vilima vya Berkshire huko Massachusetts. H-10 ilitangulizwa kwa dakika 47 na treni yake; A-1 ikafuata na treni nzito zaidi, ikaipita na kufika dakika 10 mbele yake. Mtu anayesoma namba tu ataona tofauti ya gurudumu moja kila upande. Sisi tunaona nusu nzima ya moto imeongezeka.

Woodard alifanya na jambo la ujasiri kwenye fremu. Fremu kuu ya A-1 iliishia nyuma ya gurudumu la mwisho la kuvuta, na kigari ndicho kilichofungwa kwenye tenda, lile behewa la makaa na maji, kwa hiyo mvuto wote wa treni ulipitia kwenye fremu ya kigari. Beseni la majivu nalo lilipanda juu ya kigari, likawa kubwa. Wazo zuri, ila waliokuja baadaye wengi walirudi kwenye fremu ndefu, na kigari cha chuma cha kumimina kipande kimoja, kile kilichoitwa Delta kwa ajili ya umbo lake la pembe tatu.

Nikirudi kwa mchoraji wenu, nitamtetea kidogo. Yako magurudumu ya nyuma yaliyowahi kuvuta. Howard Ingersoll wa New York Central alibuni busta, injini ndogo ya silinda mbili inayokaa kwenye kigari na kuzungusha ekseli yake kwa gia. Treni nzito inapoondoka, dereva anaiunganisha. Mwendo ukishakolea, gia inajiondoa na gurudumu linarudi kuwa la kubeba tu. Ilisaidia pale penye shida, ingawa ilikuwa na mabomba ya maungio yanayovuja na ilikula mvuke kwa pupa. Lakini busta ilitumia gia zilizofichwa ndani ya kigari. Mkono ule mrefu wa pembeni haukuwa sehemu yake.

Na kwa nini walihitaji busta? Kwa sababu kigari cha nyuma kina gharama yake, na hili mashabiki wa Pacific huwa hawapendi kulisikia. Uzito uliokaa juu ya gurudumu lisilovuta hausaidii kushika reli. Zaidi ya hapo, injini inapoanza kuvuta, uzito hurudi nyuma. Kwenye 4-6-0 unaangukia gurudumu la mwisho la kuvuta, injini inang'ang'ania. Kwenye 4-6-2 unaangukia kigari, na magurudumu makubwa yanazunguka bure kituoni huku abiria wakichungulia madirishani. Mwaka 1939 reli ya Pennsylvania ilitoa S1, yenye magurudumu 6 mbele, 8 ya kuvuta na 6 nyuma. Chini ya nusu ya uzito wake ndio uliokuwa ukishika reli. Ilipendeza kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, na mimi naona palikuwa mahali pake.

Mhandisi aliyelifahamu jambo hili kutoka pande zote mbili ni André Chapelon wa Ufaransa. Mwaka 1932 alichukua Pacific ya reli ya Paris-Orléans, akaiondolea ekseli ya nyuma na kuifanya 4-8-0, na chanja ndefu nyembamba ya mita za mraba 3.76 katikati ya magurudumu. Ilitoa nguvu za farasi 4,000 hivi, na ilishika reli kwenye vilima ambako Pacific ziliteleza. Ukiishia hapo utasema Chapelon alikidharau kigari. Lakini mwaka 1946 mtu huyohuyo aliitoa injini iliyoitwa 242 A 1, ambayo awali ilikuwa 4-8-2, akaiongezea ekseli ya nyuma ikawa 4-8-4, kwa kuwa uzito ulikuwa umezidi. Fayamani wa ile ya kwanza alihitaji mkono wa ustadi na makaa mazuri. Hilo halimo kwenye jedwali lenu la nguvu, na jedwali lenyewe nitalisemea sasa hivi.

Mmeandika kwamba Pacific za Ufaransa, "231", zilikuwa na magurudumu 6 na zilikuwa ndogo kuliko za Marekani, "4-6-2", zenye 12. Ni kitu kilekile. Wafaransa huhesabu ekseli. Marekani na Uingereza, kwa mfumo wa Frederick Whyte, huhesabu magurudumu. Hiyo 242 A 1 kwa Whyte ni 4-8-4, ina magurudumu 16.

Mmeahidi sehemu ya pili kuhusu injini kubwa kabisa, na naona kwenye tangazo mmechagua Allegheny ya reli ya Chesapeake and Ohio, ya mwaka 1941. Hiyo ni 2-6-6-6. Namwomba mchoraji aweke ekseli tatu kwenye kigari cha nyuma, beringi zikiwa nje, aziweke chini ya tanuri na si chini ya tenda, na mkono wa chuma uishie kwenye gurudumu la mwisho la kuvuta.

Fundi mstaafu wa injini za mvuke